Namna ya kuchagua chuo kikuu cha kusomea famakolojia na toksikolojia

Mwezi uliopita mpwa wangu aliniletea orodha ya vyuo tisa, amevipanga kufuata nafasi zao kwenye viwango vya ubora vya dunia. Nikamwambia aiweke pembeni kwanza. Viwango vile hupima chuo kizima. Havikuambii kama idara unayoitaka ina mtu anayefanya utafiti leo, wala kama mwanafunzi wa shahada ya kwanza anaruhusiwa kugusa mashine. Mimi nilichagua chuo changu kwa picha ya maabara iliyokuwa kwenye kijitabu cha udahili. Mashine ile ya kwenye picha niliikuta imefunikwa nailoni, na miaka yote niliyokaa pale sikuwahi kuiona ikiwaka. Kwa hiyo tulianza upya, na hivi ndivyo tulivyokwenda.

Hatua ya 1: Hakikisha ni famakolojia unayoitaka, si famasia

Shahada ya famakolojia na toksikolojia haikufanyi mfamasia. Haikupi leseni ya kutoa dawa. Mwanafamakolojia anachunguza dawa inavyofanya kazi mwilini na mwili unavyoishughulikia dawa. Mwanatoksikolojia anachunguza kitu kinavyodhuru, kwa kipimo gani na kwa njia ipi. Kazi zao ziko kwenye maabara za utafiti, viwanda vya dawa, mamlaka za udhibiti, uchunguzi wa vifo, na upimaji wa viuatilifu na kemikali. Kama moyo wako uko kwa mgonjwa aliyesimama dirishani na cheti chake cha daktari, omba famasia.

Hatua ya 2: Tazama idara iko chini ya nani

Jina la shahada linaweza kuwa lile lile, nyumba zikawa tofauti. Toronto, idara ya famakolojia na toksikolojia iko chini ya kitivo cha tiba. Wisconsin–Madison, shahada ya jina hilo hilo inatolewa na shule ya famasia. Kwingine utaikuta kwenye sayansi za tiba au hata tiba ya mifugo. Hakuna iliyo mbaya. Ila chini ya tiba utakuwa karibu na hospitali na magonjwa ya binadamu, na chini ya famasia utaonja zaidi kemia na utengenezaji wa dawa. Ukipenda sumu za mazingira na chakula, usiidharau tiba ya mifugo. Wale wanazijua sumu za mimea na za kuvu kuliko wengi wetu.

Hatua ya 3: Soma mwongozo wa kozi, hasa mwaka wa mwisho

Mwaka wa kwanza unafanana kila mahali: kemia, baiolojia, fiziolojia. Nenda mwisho. Hesabu masomo ya toksikolojia. Likiwa moja tu, jina la shahada limezidi kilichomo. Mimi nataka kuona angalau sumu kwa viungo kama ini na figo, sumu kwa vinasaba (jaribio la Ames, linalotumia bakteria kupima kama kemikali inabadili vinasaba, lazima litajwe), na tathmini ya hatari. Nataka pia takwimu, na si ya muhula mmoja wa mwaka wa kwanza. Nimekaa na vijana wenye shahada nzuri ambao hawawezi kueleza kwa nini walitumia panya sita kwa kundi badala ya wanne. Kozi isiyo na takwimu ya kutosha mimi naikata papo hapo.

Hatua ya 4: Wachunguze walimu kwa maandishi yao

Hapa ndipo tulipomaliza Jumamosi nzima, na hapa ndipo naomba usiharakishe.

Tovuti ya idara itakuonyesha wahadhiri kumi na tano. Usiiamini peke yake: wengine wamestaafu, wengine wamehama, wengine ni wageni wa mara moja kwa mwaka. Fungua PubMed, hazina ya mtandaoni ya makala za kitabibu; ni bure. Andika jina la chuo, na mara baada yake, bila kuacha nafasi, weka alama ya [ad]. Alama hiyo inaiambia PubMed itafute kwenye anwani za waandishi, si kwenye kichwa cha makala. Ongeza jina la idara kwa njia hiyo hiyo. Kushoto utaona mchoro wa miaka. Vuta uoneshe miaka mitano ya karibuni tu.

Sasa tahadhari. Chuo kimoja kilituletea makala nne, mpwa wangu akakifuta kwa kalamu. "Mjomba, hawa hawana watu." Baada ya saa mbili hivi nikagundua kuwa wahadhiri wa chuo kile huandika jina lake kwa namna tatu: kwa Kiingereza, kwa lugha yao, na kwa kifupisho. Tulipotafuta kwa majina yote matatu, makala zikawa zaidi ya sitini. Tukakirudisha. Kwa hiyo kabla hujaamini namba yoyote, fungua makala moja ya mhadhiri unayemjua ni wa pale, unakili anwani yake kama ilivyo.

Tahadhari ya pili: kwa makala nyingi za kabla ya 2014, PubMed iliweka anwani ya mwandishi wa kwanza pekee. Ukilinganisha miaka ya zamani na ya sasa utadhani idara imekua ghafla, kumbe ni utaratibu uliobadilika. Ya tatu: majarida mengi ya nchi zisizo tajiri hayamo PubMed kabisa. Rudia utafutaji kwenye Google Scholar kabla hujahukumu.

Kisha acha kuhesabu, usome. Katika fani yetu mwandishi wa mwisho kwa kawaida ndiye mwenye maabara, na wa kwanza ndiye aliyefanya kazi kwa mikono. Mwandishi wa mwisho akibaki yule yule huku wa kwanza wakibadilika, hiyo ni maabara inayolea wanafunzi. Bwana mkubwa akiwa yuko katikati ya majina thelathini kila mara, huwezi kujua anafanya nini pale nyumbani.

Na fungua sehemu ya mbinu. Ile inayorukwa na kila mtu ndiyo isiyodanganya. Inataja mashine kwa jina, inasema sampuli zilipimwa wapi, na nani aliidhinisha matumizi ya wanyama. Ukikuta makala baada ya makala sampuli zimepelekwa chuo kingine kupimwa, basi mashine iko huko, na wewe utakuwa huku.

Hatua ya 5: Waandikie idara uulize kuhusu maabara

Barua fupi, ya heshima, maswali matatu. Mwaka wa mwisho ni saa ngapi kwa wiki maabara? Utafiti wa tasnifu anaufanya mwanafunzi mwenyewe au wanakuwa kundi? Mazoezi ya vitendo yanatumia tishu hai, seli za kukuzwa, au programu ya kompyuta pekee?

La tatu lina sababu. Vyuo vingi vimepunguza wanyama, na ni haki. Kanuni za Russell na Burch za matumizi ya wanyama (kubadili kwa njia nyingine, kupunguza idadi, na kuboresha wanavyotendewa) zipo tangu 1959. Lakini kipande cha utumbo wa sungura kikining'inia kwenye maji ya chumvi ya nyuzi 37, oksijeni ikibubujika, unadondosha asetilikolini, kemikali ya neva inayokaza misuli ya utumbo, unakiona kinajikunja. Unaosha, unaweka atropini, dawa inayoizuia asetilikolini, unadondosha tena kipimo kile kile cha asetilikolini, na kipande hakitikisiki sana. Ukiongeza dozi ya asetilikolini kinaanza tena. Pale ndipo ushindani wa dawa mbili kwenye kipokezi kimoja (sehemu ya seli ambayo dawa hujishika) unapokuingia. Kompyuta inakupa mchoro ule ule kila mara. Tishu inakufundisha kuwa kila kipande kina tabia yake. Chuo kikinipa zoezi moja la namna hiyo, au angalau seli za kukuza mwenyewe, natosheka.

Kuhusu tasnifu usikubali jibu la mzunguko. Mwaka 1937 dawa ya maji ya sulfanilamidi, dawa ya kupambana na bakteria, iliua watu zaidi ya 100 Marekani. Waliosaidia kuthibitisha kuwa muuaji ni kiyeyusho chake, daiethilini glaikoli, walikuwa watu wa maabara ya Eugene Geiling ya Chuo Kikuu cha Chicago, na miongoni mwa waliokuwa wakifuatilia wanyama wa majaribio alikuwemo mwanafunzi wake, Frances Oldham. Mwaka 1960 mwanafunzi huyo, sasa Frances Kelsey wa FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ndiye aliyeletewa faili la thalidomidi, dawa ya usingizi iliyokuja kujulikana kulemaza watoto tumboni, na akakataa kuliidhinisha hadi aone ushahidi wa usalama. Tafuta mahali ambapo kazi halisi inapita mikononi mwa wanafunzi.

Hatua ya 6: Utambuzi wa shahada

Uliza mamlaka ya elimu ya juu ya nchi unayotaka kufanyia kazi, si ya nchi ya chuo peke yake. Pata jibu kwa maandishi kabla hujalipa ada ya maombi.

Mpwa wangu amebakiwa na vyuo viwili. Kimojawapo ni kile alichokifuta kwa kalamu. Walimjibu barua yake siku ya pili, na aliyeandika ni mhadhiri mwenyewe, akaambatanisha ratiba ya maabara ya muhula huu.