Kimbunga kikitangazwa na we uko Tanga, anza kuangalia mwezi

Jamani, kila TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa) ikitoa tangazo la kimbunga, dikoni, pale vyombo vinapoegeshwa, utasikia "aah huku hakifiki, kitaishia kusini". Ni kweli tuko karibu na ikweta na vingi vinachoka njiani, lakini Aprili 1952 Lindi ilipigwa, kimbunga Hidaya kikatua Mafia Mei 2024, na mwaka 1872 kimoja kilipiga Unguja mpaka Bagamoyo kikabomoa majengo ya misheni. Bagamoyo si mbali kihivyo.

Sasa ukisikia tangazo, kabla hujauliza upepo una kasi gani, uliza mwezi uko wapi. Kama ni bamvua, yani siku bahari inajaa kupita kawaida, mwezi umeandama au mpevu na zile siku mbili tatu zinazofuata, alafu kimbunga kikasukuma maji saa ile ile bahari imejaa, maji yanafika sehemu ambayo hujawahi kuyaona. Ziandike saa za kujaa, mpigie na mzee yeyote mvuvi akuhakikishie. Maji mafu, yani siku bahari haijai sana, yana nafuu, ila usibweteke.

Ngalawa na mitumbwi pandisheni mapema mkiwa wengi, vuka kabisa ule mstari wa mwani mkavu ulioachwa na bamvua iliyopita, tena mbali na minazi maana nazi ikiruka na upepo inatoboa chombo. Tanga la chombo na foromali (mti unaobeba tanga) toa, mashine vua upeleke nyumbani, kamba funga pande zote kwa sababu upepo wa kimbunga unageuka. Mashua kubwa isiyopandishika ingiza horini (mkono wa bahari ulioingia ndani) nyuma ya mikoko, nanga mbili, kamba uiachie urefu ipande na maji, alafu SHUKA. Najua mnalala ndani mkiogopa wezi, lakini nakuomba siku hiyo shuka, mashine utanunua nyingine.

Nyumbani chaji simu, chota maji ya kunywa, vyeti weka kwenye mfuko wa plastiki, na kama upo bondeni au ufukweni nenda kwa ndugu wa juu mchana kweupe, usisubiri usiku. Upepo ukikatika ghafla usitoke, inawezekana ni jicho, yani katikati ya kimbunga palipotulia, linapita na utarudi kutoka upande mwingine. Ukikwama piga 114, zimamoto na uokoaji.

Kuna na kasa, na hawa wananiuma sana, miezi ya masika wanataga na mayai yanakaa mchangani kama miezi miwili, bahari ikipanda yanaoza. Kisiwa cha Maziwe kule Pangani siku hizi kinazama maji yakijaa, ndo maana mayai ya pale yanahamishiwa Ushongo. Ukiona kiota chini ya mstari wa maji waite walinzi wa kasa, usifukue mwenyewe, yai likigeuzwa kitoto kinafia ndani.

Mikoko msikate hata fito moja, mawimbi yanavunjikia pale kabla hayajafika kwenu. Kikishapita, pitieni humo mtoe vipande vyote vya nyavu zilizokatika, maana zinaendelea kunasa kasa na samaki hata kama mwenyewe kashazisahau.