Kabla Hujakaza Cheni ya Pikipiki

Zima injini, chomoa ufunguo, weka nyutro. Hilo halina mjadala. Anayefuta cheni huku injini ikizungusha gurudumu anachezea vidole vyake, maana kitambaa kikinaswa kati ya cheni na spoketi, yaani gurudumu la meno, mkono unafuata kabla hujashtuka. Zungusha gurudumu kwa mkono, tena taratibu.

Spana ziwe za saizi kamili. Nati ya ekseli ikiliwa kona, hutaikaza tena inavyotakiwa. Weka karibu rula na kotapini mpya, ile pini inayozuia nati ya ekseli isifunguke, kisha safisha cheni kwanza, kwa sababu matope yaliyokauka kwenye viungo yatakudanganya wakati wa kupima. Kama cheni yako ina oringi, vile vipete vya mpira vinavyofungia grisi ndani ya viungo, tumia mafuta ya taa na brashi laini. Petroli na brashi ya waya huziharibu oringi, na grisi iliyofungiwa ndani ikishatoka hairudi.

Hakikisha pia kwamba unachokaza bado ni cheni. Shika kiungo kilicho nyuma kabisa ya spoketi kubwa, ukivute kitoke kwenye meno. Ukiona nusu ya jino au zaidi, cheni imekwisha. Meno yaliyochongoka na kulalia upande mmoja nayo yamekwisha. Badilisha cheni na spoketi zote mbili kwa pamoja, kwani meno mabovu huila cheni mpya haraka. Fundi akishauri akate kiungo kimoja ili uendelee kuitumia, kataa. Cheni hurefuka kwa sababu pini na bushi za kila kiungo zimelika, na kupunguza kiungo kimoja hakuziponyi zilizobaki.

Sasa kipimo, na hapa nakuomba utulie. Watu wengi huogopa cheni iliyolegea, na wana sababu: huruka meno, hutoka, na inaweza kufunga gurudumu la nyuma. Lakini wachache huogopa cheni iliyokazwa mno. Kijana mmoja niliyezoea kuongozana naye safarini alichoshwa na kelele ya cheni kugonga kava. Akaikaza mpaka ikawa kama uzi wa gitaa. Kelele ikaisha, akaridhika. Nilimwambia ailegeze kidogo, akanijibu kwamba cheni ngumu ndiyo inayovuta vizuri.

Kilichokuwa kinatokea hakionekani pikipiki ikiwa imesimama. Ukipakia mtu au mzigo, shokamzoba hubonyea, na mkono unaoshika gurudumu la nyuma hupanda. Ekseli, egemeo la mkono huo na shafti ya spoketi ndogo zinapofika kwenye mstari mmoja, umbali kati ya spoketi mbili huwa mkubwa kuliko wakati mwingine wowote. Cheni ambayo haikuachiwa nafasi haina pa kuipata. Kila shimo barabarani huivuta, nayo huvuta shafti ya giaboksi na beringi zake. Pikipiki ya yule kijana ilianza kwa mlio mwembamba, kisha oili ikawa inavuja nyuma ya kava la spoketi ndogo. Alidhani ni oili ya cheni, akawa anaifuta tu. Siku cheni ilipokatika alikuwa na abiria. Ikajikunja mbele, gurudumu la nyuma likafunga, wakaburuzika wote wawili. Yeye alivunjika mtulinga, abiria akachunika mkono mzima. Injini nayo ilibidi ipasuliwe yote kwa ajili ya beringi moja.

Kwa hiyo soma kibandiko kilicho kwenye mkono wa gurudumu au kitabu cha pikipiki yako, ufuate kinachosema, pamoja na stendi ya kutumia wakati wa kupima. Pikipiki nyingi ndogo za barabarani hutaka mchezo, yaani mwendo wa cheni kupanda na kushuka, wa milimita 20 hadi 30, na zile ndefu za njia mbovu hutaka zaidi. Pima katikati ya sehemu ya chini ya cheni: sukuma chini, sukuma juu, hesabu mwendo wote. Kisha zungusha gurudumu, upime sehemu kadhaa. Cheni hailiki sawasawa, kwa hiyo rekebisha ukiwa pale ilipokaza zaidi. Ukirekebisha pale ilipolegea, utakuwa umeikaza mno kwingine bila kujua.

Chomoa kotapini, legeza nati ya ekseli, kisha zungusha skrubu za marekebisho robo mzunguko kila upande, kwa zamu. Alama za pande zote mbili zilingane, la sivyo gurudumu litakaa upande na spoketi italiwa ubavu. Ukiwa unalegeza, sukuma gurudumu mbele ligote kwenye skrubu. Kaza nati, halafu pima tena, maana kuikaza mara nyingi hubadilisha mchezo uliouacha. Weka kotapini mpya. Kipande cha waya si kotapini.

Kama breki ya nyuma ni ya dramu, irekebishe upya. Gurudumu likirudi nyuma, fimbo ya breki huvutika, na breki inayoshika muda wote huchemka. Angalia pia klipu ya kiungo cha kuungia: upande uliofungwa utangulie kule cheni inakokwenda.

Oili ipake cheni ikiwa na joto baada ya safari, upande wa ndani, uiache itulie kabla ya kuondoka. Ukinyeshewa, ipake tena. Cheni mpya ipime mapema, kwa sababu hulegea zaidi siku za mwanzo. Na ukisikia mlio ambao jana haukuwepo, usisubiri ufike. Simama mahali salama, zima, uangalie cheni, nati na hiyo kotapini.