Kupima maganda ya risasi yaliyopigwa kabla ya kuyajaza tena (za semi otomatiki)

Shemeji yangu yuko Marekani, kule mtu kujaza risasi zake mwenyewe nyumbani ni kitu cha kawaida tu, sasa juzi kanitumia picha kwa wasapu, maganda yamepangwa mezani kama njugu, ananiuliza shem mbona kila nikipima napata namba yake. Mimi fundi mashine hapa Ng'ambo, Tabora, venia (kile kipimo cha mkono chenye taya mbili) nimeishika miaka, basi tukapigiana simu mpaka ikaeleweka, ndo nawaandikia ndugu mlioko huko. Tuliopo huku tusome tu kama ufundi, ukikamatwa unatengeneza risasi bila kibali hiyo ni kesi.

Elewa hiki kwanza. Bunduki ya boliti (boliti ni chuma kinachofunga nyuma ya risasi) unaifunga kwa mkono, ganda likiwa refu unasikia ugumu na unaacha. Semi, yaani ile inayojipakia yenyewe, haina mkono wako pale, springi ndo inasukuma, ganda likigoma boliti inaweza isifunge vizuri, na risasi ikilipuka hapo hatari ni ya uso wako. Kwa hiyo kile ambacho mkono ungekuambia, venia ndo ikuambie.

Toa prima kwanza, kile kifuniko kidogo cha kuwashia kitakoni, kabla hujapima chochote. Hili ndo lilikuwa kosa la shemeji! Prima iliyopigwa huwa imechomoza kidogo au imeacha ukingo, ganda halikai sawa, namba inaruka. Futa uchafu, funga venia uone inasoma sifuri, halafu usibane kama unakaza nati, gusa tu huku unalizungusha ganda taratibu.

Kipimo kikubwa ni kutoka kitakoni mpaka begani, pale ganda linapoanza kuwa jembamba kuelekea mdomoni, na bega limeinama kwahiyo venia tupu haiwezi, unafunga kile kipachiko chenye tundu kinachokaa juu ya bega. Namba utakayopata sio urefu halisi, ni ya kulinganisha tu, usichukue ya rafiki yako mwenye kipachiko kingine.

Pima maganda kama 10 ya bunduki hiyohiyo. Semi huwa inavuta ganda nje wakati gesi bado ina nguvu, so mengine yanatoka yamevutika kuliko chemba yenyewe (tundu la bunduki linapokaa ganda), lile refu kuliko yote usiliamini, angalia namba inayojirudia. Tuseme ni inchi 1.462. Sasa unashusha dai (kile chuma chenye tundu kinachobana ganda lirudi umbo lake) kidogo kidogo, unasukuma ganda ndani yake, unafuta mafuta uliyolipaka lipite, unapima, mpaka bega lirudi nyuma thao 3 au 4 (thao ni inchi moja ukiigawa mara 1,000), yaani 1.459 au 1.458. Za boliti thao 1 au 2 zinatosha. Shemeji alikuwa anarudisha karibu 8 akidhani ndo usalama zaidi, kumbe kila ukipiga shaba inavutika kwenda mbele na inakuwa nyembamba karibu na kitako, mwisho ganda linakatika vipande viwili ndani ya chemba. Chukua waya wa klipu ya karatasi, ukunje ncha, uupitishe ndani juu kidogo ya kitako, ukisikia unanasa kwenye mfereji tupa hilo ganda, usilionee huruma.

Urefu wote mpaka mdomoni upime BAADA ya dai, sio kabla, maana dai yenyewe inalirefusha. Risasi aina ya .223 Remington mwisho ni inchi 1.760, unakata ibaki 1.750. .308 Winchester mwisho 2.015, unakata 2.005. Likizidi, mdomo unabanwa na chemba unakosa kuachia risasi na presha inapanda vibaya.

Andika namba kwenye daftari, na maganda ya bunduki mbili usiyachanganye kopo moja, hata kama ni kaliba ileile, chemba hazifanani. Shemeji ana mbili na kopo lilikuwa moja, hapo tukaanza kupima upya.