Ruzuku ya serikali kwa shirika la kwenu Mwanza: anza na makaratasi, andiko litafuata

Swali hili huingia karibu kila mwezi kwenye kundi letu la WhatsApp la watu wa Ilemela tulioko Minnesota: "Jamani, nasikia serikali ya huku inatoa hela za bure kwa mashirika. Zinapatikanaje?" Nimelijibu kwa sauti ya kurekodi, nimelijibu kwa simu saa sita usiku, na mara moja nimelijibu nikiwa nimeshika sufuria la pilau kwenye arusi ya watu. Leo nalijibu kwa urefu ili wakati mwingine nitume kiungo tu.

Nianze na aibu yetu wenyewe. Mwaka 2023 tuliomba fedha ndogo kwenye ubalozi mmoja ulioko Dar es Salaam kwa ajili ya kikundi cha akina mama wa Igombe, kando ya Ziwa Victoria, wanaokausha dagaa. Walitaka vichanja, yaani meza ndefu za mbao zilizotandazwa wavu juu, ili dagaa wakauke bila kugusa mchanga. Andiko la mradi lilipendwa. Tukaandikiwa barua pepe nzuri, tukaambiwa tulete viambatanisho: cheti cha usajili, barua ya benki, taarifa ya mwaka uliopita. Kwenye cheti jina la shirika lilikuwa na neno "wanawake". Kwenye akaunti ya benki liliandikwa "akina mama". Tulipewa siku saba kurekebisha. Benki ikataka muhtasari wa kikao wenye saini za watia saini wote watatu, na mmoja wao alikuwa Ukerewe msibani, simu imezimwa. Siku ya nane tuliandikiwa barua pepe nyingine, fupi.

Tangu hapo msimamo wangu ni mmoja. Mtu akiniletea wazo la mradi, siombi kusoma andiko. Naomba picha ya cheti na barua ya benki, niziweke sambamba nisome herufi kwa herufi.

Upande wa nyumbani

Kama shirika liko Mwanza, linasajiliwa chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali Na. 24 ya 2002. Marekebisho ya 2019 yalibana mambo: wale waliokuwa wakifanya kazi za kijamii kwa usajili wa kampuni isiyo na hisa au wa chama cha kawaida walitakiwa kuhamia kwa Msajili wa NGO, na cheti sasa kina muda wa miaka 10. Nimekutana na wanadiaspora wawili mwaka huu ambao bado wanatembea na karatasi ya BRELA, wakala wa kusajili makampuni, ya mwaka 2014 wakidhani wako sawa. Mfadhili wa serikali akiiona hiyo, mazungumzo yanaishia hapo.

Mtu wako wa kwanza ni Afisa Maendeleo ya Jamii wa halmashauri, Ilemela au Nyamagana au popote shirika lilipo, kwa sababu yeye ndiye msajili msaidizi kwa ngazi hiyo. Maombi yenyewe yanapita kwenye mfumo wa mtandaoni wa wizara, lakini barua ya utambulisho inatoka kwake. Usimtume kijana wa bodaboda. Aende mwenyekiti au katibu, amsalimie vizuri, aeleze kazi, aache namba. Ofisi hiyo ndiyo itakayopigiwa simu siku ubalozi ukitaka kujua kama shirika lenu lipo kweli au ni jina tu kwenye karatasi. Mama mmoja wa kikundi chetu humpelekea yule afisa taarifa ya robo mwaka hata kama hakuna kilichofanyika. Huandika ukurasa mmoja: tumekutana mara tatu, hatukupata fedha, mvua ilinyesha, dagaa waliharibika. Zamani nilimcheka kidogo. Sasa hizo kurasa ndizo ushahidi wetu kwamba shirika lina uhai.

Kuna kanuni za 2018 ambazo watu wa nje huwa hawazijui kabisa. Shirika likipata zaidi ya shilingi milioni 20 linapaswa kuweka wazi chanzo na matumizi yake, na mkataba na mfadhili unawasilishwa Hazina na kwa Msajili ndani ya siku 10 tangu kusainiwa. Kwa hiyo ukisaini mkataba ukiwa Minneapolis siku ya Ijumaa, mtu wa Mwanza anatakiwa ajue Ijumaa hiyohiyo.

Na kodi. Kuandikishwa kama NGO hakulipatii shirika msamaha wa kodi. TRA, mamlaka ya mapato, ina utaratibu wake wa kulitambua shirika kama taasisi ya hisani, unaombwa peke yake, na hata ukiupata, kodi ya mishahara ya wafanyakazi inabaki palepale. Iwekeni kwenye bajeti mapema.

Walioko ng'ambo ya pili ya ziwa, Kisumu na Homa Bay, fahamuni kwamba Kenya ilianza kuitumia Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya 2013 mwezi Mei 2024, baada ya kuikalia miaka 11. Vyeti vya zamani vina utaratibu wa kuhamia. Uganda ina sheria yake ya 2016.

Halafu kuna kitu kinachowachanganya wengi: ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Inagawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni mikopo isiyo na riba kwa vikundi, na inarejeshwa. Shangazi yako akikwambia "serikali imetupa fedha", muulize kwanza kama kuna tarehe ya marejesho.

Serikali ya unakoishi

Kabla ya kufungua tovuti yoyote, jibu hili: fedha unayoitafuta inatoka serikali gani, na sheria yake inaruhusu kumpa shirika lililosajiliwa wapi? Wengi wanakwama hapa bila kujua. Chama cha wanaMwanza chenye kundi la WhatsApp, mweka hazina na sare za kitenge bado hakijawa shirika machoni pa serikali yoyote.

Nianze na Marekani kwa kuwa ndiko niliko. Shirika linaandikishwa kwanza kwenye jimbo, kisha linaomba IRS, mamlaka ya kodi ya huku, hadhi ya 501(c)(3), yaani ya shirika la hisani lisilotozwa kodi ya mapato. Fomu fupi, 1023-EZ, ada yake ni dola 275, na ni kwa wanaotarajia kupata si zaidi ya dola 50,000 kwa mwaka na wenye mali isiyozidi dola 250,000. Fomu ndefu ni dola 600. Baada ya hapo kila mwaka mnatuma taarifa, hata ile ndogo ya mtandaoni ya 990-N inayojazwa kwa dakika kumi. Mkiacha miaka mitatu mfululizo hadhi inafutika yenyewe. Najua vyama viwili vya Watanzania vilivyofutika hivyo, na viongozi wake waligundua siku walipotaka kuomba fedha.

Kisha SAM.gov, tovuti ya serikali ya kusajili waombaji wa fedha zake, ambako mnapata namba ya utambulisho yenye tarakimu na herufi 12. Tangu Aprili 2022 hiyo ndiyo inayotumika badala ya namba ya zamani ya DUNS. Usajili ni bure na unahuishwa kila mwaka. Jina na namba ya kodi vinalinganishwa na kumbukumbu za IRS, kwa hiyo hadithi ya "wanawake" na "akina mama" inaweza kukupata na huku pia. Anza miezi kadhaa kabla. Na ukishasajiliwa tu, jiandae: simu na barua pepe zitamiminika kutoka kwa watu wenye nembo zinazofanana na za serikali, wakidai usajili wako unakwisha na ulipe dola mia kadhaa. Futa.

Matangazo yenyewe yako Grants.gov, na kuyatafuta hakuhitaji akaunti. Mimi nasoma kwa kurukaruka: naanza na nani anaruhusiwa kuomba, naenda kwenye kiwango cha chini na cha juu, naangalia kama wanataka mchango wetu wenyewe, ndipo nasoma lengo. Mara nyingi nafunga ukurasa kwenye hatua ya pili. Tangazo ambalo kiwango chake cha chini ni dola laki tano si la chama chenye wanachama 40. Baadhi ya fedha za shirikisho pia hulipwa baada ya wewe kutumia zako kwanza ukapeleka risiti. Jiulize kama mnazo za kutanguliza.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa vyama vichanga huwa hauwafurahishi watu: ombeni kwanza fedha za jiji au kaunti kwa ajili ya kazi ya hukohuko mnakoishi, kama madarasa ya Kiingereza kwa wazee wetu au kuwasaidia wageni kujaza fomu. Ni ndogo, zinasimamiwa na mtu unayeweza kumtembelea ofisini, na zinawajengea historia ya kuripoti. Au ingieni chini ya shirika mlezi ambalo tayari lina hadhi, likate asilimia yake, ninyi mjifunze. Kuhusu fedha za Marekani za kwenda nje, misaada ilisimamishwa Januari 2025, na tarehe 1 Julai mwaka huohuo kilichobaki cha USAID kikahamia Wizara ya Mambo ya Nje. Mwongozo wowote wa zamani unaokutuma USAID, uweke kando.

Ujerumani wana njia nzuri kwa wenye subira. Wizara yao ya ushirikiano wa maendeleo hulipa hadi asilimia 75 ya gharama za mradi kupitia kitengo kiitwacho bengo. Shirika linaloomba ni lazima liwe la Ujerumani, lenye hadhi ya manufaa ya umma na uzoefu wa miaka kadhaa, na lenye mshirika wa nyumbani. Robo inayobaki mnaitafuta wenyewe. Denmark kuna CISU, inayogawa fedha za serikali kwa vyama vya kiraia vya huko, hata vile vya watu wa kujitolea. Wales ina mpango wake na Afrika ulioanza 2006, kwa hiyo aliyeko Cardiff ana mlango ambao wa London hana.

Balozi zilizoko Dar es Salaam

Hapa ndipo kikundi cha Igombe kinapoweza kuomba chenyewe bila kupitia kwako. Japani ina mfuko wa miradi ya jamii za ngazi ya chini, ule wa Kusanone, unaopenda vitu vinavyoonekana: madarasa, visima, zahanati. Haulipi mishahara wala kodi ya ofisi, kwa hiyo usiupelekee bajeti ambayo nusu yake ni posho. Kanada ina mfuko wa miradi midogo, kikomo chake dola 100,000 za Kanada, na kwa kuwa mwaka wao wa fedha unaisha Machi 31, kazi inapaswa kuwa imekwisha kabla ya hapo. Australia nayo ina mfuko wa aina hiyo, ila kwa Tanzania unasimamiwa kutoka Nairobi. Kazi yako wewe uliyeko nje ni kuhariri Kiingereza na kukumbusha tarehe. Usiweke jina lako kwenye andiko kama mkurugenzi. Wanajua.

Bajeti inayojua ziwa

Makosa mengi ya maandiko yetu yanatoka kwenye kuandikia mbali na maji. Toleo letu la kwanza lilisema akina mama watakausha dagaa siku 26 kila mwezi. Nililiandika mimi, usiku, theluji ikianguka nje. Nikalisoma kwa simu kwa mama wa kikundi, baada ya shikamoo na habari za watoto. Akanyamaza. Kisha akasema, "Mwanangu, mwezi ukiwa mkubwa nani anaenda kuvua?"

Dagaa huvuliwa kwa taa, na taa inafanya kazi gizani. Mbalamwezi ikiwaka wavuvi wanapumzika, wanashona nyavu, wanakwenda kuona familia, na mwalo, yaani ufukwe wa kushushia samaki, unakuwa kimya kwa wiki nzima au zaidi. Mama hana cha kukausha siku hizo. Kisha kuna masika, Machi hadi Mei, ambapo hata dagaa wakipatikana jua halipo, na mzigo unaooza unauzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Mfadhili anayesoma hesabu zenye miezi 12 inayolingana anaona mtu asiyelijua ziwa. Ripoti yako ya robo ya pili itamthibitishia.

Tulivyoandika upya, mama alitupa vipimo pia. Kichanja kisizidi upana wa mikono miwili, ili mtu akiwa upande mmoja afikie katikati bila kulala juu ya samaki. Kimo kiwe cha kiuno chake, na si cha kiuno cha fundi. Mbao za mikaratusi zinaliwa na mchwa upesi, kwa hiyo miguu ipakwe oili chafu au iwekwe kwenye zege. Nikauliza kama hayo yote yaandikwe kwa ajili ya mzungu. Akasema ndiyo, maana akija kukagua atapima.

Andiko tunaloandaa sasa lina jedwali moja la ziada mwishoni, la miezi 12, lenye safu tatu: siku za giza, siku za mbalamwezi, miezi ya mvua. Mapato yanafuata safu hizo. Siku za mbalamwezi tumeziwekea mafunzo ya kutunza vitabu vya fedha, maana ndipo akina mama wako nyumbani. Jina la shirika limeandikwa "wanawake" kila mahali, na benki imeshatoa barua mpya. Ninayo hapa kwenye simu, nimeisoma mara nne.