Somo: Kuandaa picha za kufundishia zisomeke vizuri ukutani, kwenye kitini na kwenye simu

Walimu wenzangu, salaam. Somo hili ni la yeyote anayetengeneza slaidi, kitini au video fupi ya kufundishia, kisha picha zinamtokea na ukungu au faili linakuwa zito hadi kompyuta inagoma. Mfano wetu utakuwa mmoja tu: mchoro wa moyo wa binadamu kwa somo la mzunguko wa damu. Unahitaji kompyuta ya kawaida na programu mbili za bure, Inkscape ya kuchorea na GIMP ya kurekebishia picha.

Hatua ya 1: Amua picha itaishia wapi

Wengi wetu tunaanza kwa kutafuta picha Google. Anza kwa kujiuliza picha itaonwa wapi, maana jibu hilo ndilo linaloamua karibu kila kitu kinachofuata.

Projekta nyingi tulizonazo shuleni zina pikseli (vidoa vya rangi vinavyounda picha) 1024 kwa 768, au 1280 kwa 800, yaani milioni moja hivi kwa jumla. Picha ya simu ya megapikseli 12, yaani pikseli milioni 12, ina 4000 kwa 3000. Ukiipachika kwenye slaidi kama ilivyo, ukuta hauonyeshi zaidi ya hiyo milioni moja na zinazobaki ni mzigo mtupu. Picha 20 za MB 4 kila moja, hapo una faili la MB 80. Zipunguze kwanza kwenye GIMP hadi upana wa 1280, ndipo uzipachike.

Karatasi inadai kinyume chake. Kwa kuchapa tunahesabu pikseli 300 kwa kila inchi. Ukitaka mchoro wa upana wa sentimita 15, gawanya kwa 2.54 kupata inchi, kisha zidisha kwa 300: unahitaji pikseli 1,772. Ile picha ya pikseli 400 uliyoichota mtandaoni inapendeza kwenye kioo, lakini ukiichapa kwa sentimita 15 inabaki na pikseli 68 tu kwa inchi. Kingo zinatoka ngazi-ngazi na majina ya sehemu hayasomeki.

Simu haina shida ya pikseli. Shida yake ni udogo wa kioo na bando la mpokeaji.

Hatua ya 2: Chagua kati ya picha iliyopigwa na mchoro

Picha ya moyo wa ng'ombe uliopasuliwa, umeipiga buchani, inaonyesha rangi, mafuta na unyevu. Mwanafunzi anaona kitu halisi. Lakini mwulize damu inaingilia wapi na kutokea wapi, atapotea. Hapo unahitaji mchoro, kwa sababu mchoro unaacha yasiyohitajika. Mimi huweka vyote viwili, picha kwanza na mchoro baadaye, kwenye slaidi tofauti.

Kwa kompyuta tofauti yake ni hii. Picha ya kamera ni vyumba vidogo vya rangi vilivyopangwa safu kwa safu, na hivyo ndivyo pikseli. Ukiikuza, vyumba vinakuwa vikubwa lakini havizaliani. Mchoro wa vekta ni maelekezo: chora duara, kitovu hapa, nusukipenyo 40, jaza nyekundu. Ukiukuza hadi ukubwa wa bango, kompyuta inachora upya na mstari unabaki safi. Inkscape inatengeneza michoro ya aina hii.

Si lazima uchore kila kitu mwenyewe. Wikimedia Commons ina michoro mingi ya mwili wa binadamu katika SVG, fomati ya michoro ya vekta. Mara nyingi majina ya sehemu ndani yake ni maandishi yanayoweza kuhaririwa, kwa hiyo unafungua kwenye Inkscape, unabofya jina la Kiingereza na kuandika "ventrikali ya kushoto" (chumba cha chini cha moyo, upande wa kushoto) mahali pake. Soma leseni iliyo chini ya picha. Nyingi zinaruhusu kubadilisha ilimradi umtaje mchoraji, na baadhi zinataka kazi yako nayo uitoe kwa leseni ileile.

Hatua ya 3: Hifadhi kwa fomati inayofaa

JPEG, iliyoanza 1992, ni ya picha za kamera. Inagawa picha katika miraba ya pikseli 8 kwa 8 na kutupa ndani yake yale ambayo jicho haliyakamati kirahisi. Kwenye uso wa mtu huoni upungufu. Kwenye mchoro wenye mistari na herufi utauona: kuzunguka kila herufi kuna vumbi la kijivu. Na kila ukifungua, kurekebisha na kuhifadhi tena, vumbi linaongezeka.

PNG, ya 1996, haitupi kitu, na inaweza kuacha mandharinyuma wazi. Iwe ndiyo chaguo lako kwa michoro, majedwali na skrinishoti. GIF ni kongwe zaidi, ya 1987, ina rangi 256 tu. Iache kwa vikatuni vya kujirudia. SVG ndiyo nakala yako mama. Usiifute hata ukishatoa PNG, maana muhula ujao utataka kubadilisha neno moja.

Hatua ya 4: Majina ya sehemu na rangi

Hapa ndipo michoro mingi mizuri inapoharibikia.

Tuanze na majina. Tumezoea kuweka namba 1 hadi 12 kwenye mchoro na orodha ya majina pembeni. Kwa mtihani sawa. Kwa kufundishia, jicho la mtoto linakimbia kwenye namba, linarudi kwenye orodha, linasahau namba, linarudi tena. Richard Mayer wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, amelifanyia majaribio mengi jambo hili: wanafunzi huelewa zaidi maneno yakiwa karibu na sehemu inayoelezwa, na mapambo yasiyohusika yakiondolewa. Kwa hiyo andika jina ubavuni mwa sehemu yake, kwa mstari mfupi usiokatiza mwingine. Yale maua ya kwenye kona za slaidi, samahani, yaondoe.

Weka pia maneno "kulia" na "kushoto" juu ya mchoro wenyewe. Moyo huchorwa kana kwamba mtu amekuelekea, hivyo upande wake wa kulia uko kushoto mwa karatasi. Usipoandika, nusu ya darasa itakwambia ukuta mnene zaidi ni wa ventrikali ya kulia.

Sasa rangi. Kawaida ni nyekundu kwa damu yenye oksijeni nyingi na buluu kwa yenye oksijeni kidogo (waambie watoto kwamba damu haiwi buluu kamwe). Ukutani inapendeza. Lakini kitini kinakwenda steshenari, na pale kinatolewa kopi nyeusi. Kompyuta huandika rangi kwa namba tatu, za nyekundu, kijani na buluu. Chukua nyekundu ya 200, 0, 0 na buluu ya 0, 80, 200. Zikigeuzwa kijivu, ya kwanza inakuwa kama 60 na ya pili kama 70, kwenye kipimo cha 0 hadi 255. Jicho haliwezi kuzitenganisha. Moyo mzima unakuwa doa moja. Dawa ni mbili: fanya buluu iwe hafifu sana na nyekundu iwe nzito, au upande mmoja ujaze mistari ya mshazari na mwingine uuache mtupu. Kwa kitini mimi natumia mistari.

Hatua ya 5: Jaribu kabla ya kipindi

Geuza nakala iwe kijivu kwenye GIMP uitazame. Kisha washa projekta, nenda ukakae dawati la nyuma kabisa, usome herufi ndogo kuliko zote. Kama darasa halina mapazia, tumia mandharinyuma nyeupe na maandishi meusi. Projekta haina mwanga mweusi, kwa hiyo "nyeusi" yake ni rangi ya ukuta wako jinsi jua lilivyoupiga.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, nina JPEG yenye ukungu. Nikiigeuza PNG ubora utarudi?

Jibu: Haurudi. Kilichotupwa kimekwenda, PNG itautunza ukungu huo kwa uaminifu tu. Na kubadilisha namba ya pikseli kwa inchi kutoka 72 kuwa 300 kwenye mpangilio hakuongezi pikseli hata moja. Tafuta picha asili au uchore upya.

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi nachora vizuri kwa kalamu kuliko kwa kipanya. Naingizaje mchoro wangu kwenye kompyuta?

Jibu: Marahaba. Usiache kalamu. Chora kwa wino mweusi kwenye karatasi nyeupe, piga picha karibu na dirisha bila flashi, simu ikiwa juu sawasawa. Kwenye Inkscape ingiza picha hiyo, nenda menyu ya Path, chagua Trace Bitmap. Itakutolea mistari ya vekta. Majina usiyaandike kwa mkono, yaweke baadaye.

Swali: Kwenye video niandike yote ninayoyasema?

Jibu: Hapana, weka maneno muhimu tu. Macho yakisoma sentensi nzima hayautazami moyo. Ila kama una mwanafunzi asiyesikia vizuri, au lugha ya somo bado inawapa shida, weka manukuu kamili anayeweza kuyazima asiyeyahitaji.

Swali: Nikituma mchoro kwenye kundi la WhatsApp unafika umechakaa.

Jibu: Unautuma kama picha, na hapo unabanwa. Utume kama hati, utafika kama ulivyotoka kwako. PNG ya mchoro wenye rangi chache haitakula bando kubwa.

Swali: PowerPoint ya shuleni kwetu ni ya 2010, inakataa SVG.

Jibu: Ni ya zamani mno kwa SVG. Kwenye Inkscape hifadhi nakala ya EMF, hiyo itaipokea na bado ni vekta. Ikivuruga rangi, toa PNG ya upana wa 1280 uendelee na kipindi.