Jinsi ya Kupanga Nani Amkabe Nani Kabla ya Mechi ya Kikapu

Mashabiki wakilinganisha timu mbili huanza na urefu: senta wao (mchezaji mrefu wa chini ya ringi) ana mita ngapi, wetu je? Kocha hana budi kwenda mbali zaidi ya hapo. Mfano wangu ni fainali za NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, za 2015, Golden State Warriors dhidi ya Cleveland Cavaliers, maana ziligeuzwa na badiliko moja la kikosi.

Hatua ya 1: Andika kazi, usiandike namba

Namba moja hadi tano, yaani nafasi za uwanjani kuanzia mchezeshaji hadi senta, zinatosha kwenye fomu ya wachezaji. Wewe andika mbele ya kila jina: akibanwa, mpira anaumudu? Anafunga kwa mbali? Anaweza kumkaba mtu mwepesi kuliko yeye? Mzito je? Draymond Green wa Warriors alikuwa namba nne, urefu karibu mita 2, lakini alikaba masenta na kuchezesha timu kama gadi, yaani mchezaji wa nje anayeongoza mpira.

Hatua ya 2: Gawa wakabaji

Anza na mtu wao hatari zaidi, mpe mkabaji wako bora. Kwa Cleveland alikuwa LeBron James, hasa baada ya Kevin Love na Kyrie Irving kuumia. Endelea kugawa hadi umalize, kisha mtazame aliyebaki wa mwisho. Mara nyingi jozi hiyo ndiyo itakayokutesa.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya pande zote mbili

Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea, kwa sababu tunahesabu upande mmoja wa uwanja.

Warriors walikuwa nyuma kwa michezo 2–1. Mchezo wa nne kocha Steve Kerr akamweka benchi senta wake Andrew Bogut, akamwanzisha Andre Iguodala, ambaye msimu mzima hakuwa ameanza mechi hata moja. Green akawa senta, mbele yake senta wa Cleveland, Timofey Mozgov wa mita 2.16. Mozgov alifunga pointi 28. Ukiishia hapo, utasema Kerr alichemsha.

Lakini Warriors walishinda 103–82. Mpira ulipogeuka, Mozgov alilazimika kutoka chini ya ringi kuwafuata watu wepesi, na njia ya kwenda kikapuni ikabaki wazi. Mchezo wa tano kocha wa Cleveland, David Blatt, alimchezesha dakika 9 tu, yaani Cleveland wenyewe wakaiweka kando faida yao ya urefu. Wakafungwa 104–91. Warriors walitwaa ubingwa kwa 4–2, Iguodala akawa mchezaji bora wa fainali.

Kwa hiyo kila jozi iwe na maswali mawili: huyu atatufunga kiasi gani, na sisi tukiwa na mpira atamkaba nani?

Hatua ya 4: Mjue mtu wako atakayewindwa

Mwaka 2016 timu hizo zilikutana tena, na safari hii Cleveland ndio waliochagua jozi. Mchezo wa saba, matokeo 89–89, Klay Thompson wa Warriors alikuwa akimkaba Irving. J.R. Smith wa Cleveland akaenda kuweka skrini, yaani kumzibia mkabaji njia kwa mwili wake, wakabaji wakabadilishana watu, Irving akabaki na Stephen Curry. Akamrushia pointi tatu usoni, zikiwa zimebaki sekunde 53. Mechi iliisha 93–89. Na Curry ndiye aliyekuwa MVP (mchezaji bora) wa msimu! Kuwindwa, yaani wapinzani kukutafuta wewe uwe ndiye unayemkaba mtu wao hatari, si lazima uwe mchezaji mbaya.

Dawa ninayoipenda: mkabaji dhaifu asibadilishane. Amtokee mwenye mpira kwa hatua moja au mbili, amcheleweshe, kisha arudi haraka kwa mtu wake. Ifanyieni mazoezi, maana bila maelewano mtaacha watu wawili wazi badala ya mmoja.

Hatua ya 5: Panga mbadala

Mkabaji wako bora akipata faulo mbili robo ya kwanza, nani anaingia, na nani anabadilisha mtu? Liandike jina kabla filimbi haijalia, na umwambie mhusika, ili akae benchi akimsoma huyo atakayemkaba.