Droo ya kuchangisha pesa kwenye strimu ya gemu: sheria, uadilifu na hatua za kuiendesha

Timu inatafuta nauli ya kwenda mashindano ya Tekken 8 nje ya nchi. Strima anaweka padi mpya ya PS5 mbele ya kamera na kutangaza: "Tuma mia upate tiketi moja, mia tano upate sita." Chati nzima inaita mchango. Kisheria hiyo ni bahati nasibu, na kuiendesha bila kibali ni kosa katika nchi nyingi wanakoishi watazamaji wako.

Kipimo hakibadiliki sana kutoka nchi moja hadi nyingine. Kuna zawadi, mshindi anapatikana kwa bahati, na mtu analipa ili aingie. Vikikutana vyote vitatu, umeanzisha bahati nasibu. Ondoa kimoja na shughuli inakuwa kitu kingine. Kwa hiyo kabla hujatengeneza bango wala kupanga tarehe, amua utaondoa kipi.

Kuondoa malipo

Hii ndiyo njia tunayompendekezea strima asiye na shirika lililosajiliwa nyuma yake. Droo inakuwa bure kwa kila mtu, na mchango unakaa pembeni bila kugusa nafasi ya kushinda. Ugumu ni kwamba "bure" iwe bure kweli. Sheria ya kamari ya Uingereza ya 2005 ina masharti mazuri ya kuazima hata kama uko Mombasa: njia ya bure isigharimu zaidi wala isisumbue zaidi kuliko ya kulipia, itangazwe mahali ambapo kila mshiriki ataiona, na aliyeingia bure asitofautishwe wakati wa kuchagua mshindi.

Kwa vitendo: tengeneza fomu moja tu. Aliyechangia elfu kumi na asiyechangia kitu wanajaza fomu ileile, mara moja kila mtu, na inafungwa saa ileile. Usiandike kwamba kila shilingi mia ni nafasi moja halafu ukaficha chini kabisa ya kanuni kwamba anayetaka bure atume barua pepe. Msimamizi yeyote wa kamari ameshaiona hila hiyo.

Malipo pia hujificha ndani ya vifaa vya strimu, na hapa ndipo wengi huteleza bila kujua. Droo ya waliojisajili kwa malipo peke yao ni droo ya kulipia. Pointi za chaneli kwenye Twitch hazinunuliwi, lakini aliyelipia usajili huzikusanya kwa kasi zaidi, kwa hiyo tiketi ikipatikana kwa pointi, aliyelipa anakuwa na upendeleo. Boti za chati kama Nightbot na StreamElements zina mpangilio wa kuwaongezea bahati waliojisajili. Uzime, kila mtu awe na uzito sawa. YouTube nayo inataka shindano liwe la bure, liwe na kanuni zilizoandikwa, na lisitumiwe kupandisha idadi ya wafuatiliaji au "like". Ule mtindo wa "subscribe na ulike ndipo uingie" uache.

Kuondoa bahati

Jezi iliyosainiwa au padi ya toleo adimu, ipige mnada. Anayepanda bei juu kuliko wote anaichukua, hakuna bahati, na mara nyingi utapata pesa nyingi kuliko tiketi za mia mia. Mashindano madogo ya eFootball yenye kiingilio nayo yanaweza kufaa kwa kuwa ustadi ndio unaoamua. Zawadi itoke kwa mdhamini, si kwenye viingilio, ili viingilio vyote viende kwenye mfuko, na ulizia kwanza kama mamlaka ya nchi yako inaliona shindano la aina hiyo kuwa kamari. Usiwatoze watu ili watabiri nani atashinda fainali ukadai ni ustadi. Huko ni kubeti.

Kubaki na vyote vitatu

Hapo unahitaji leseni au usajili, na kwa kawaida haupewi mtu binafsi anayechangia safari yake mwenyewe. Uingereza inaonyesha vizuri mipaka ilivyo: chama kidogo kisicho cha kibiashara kinasajiliwa na halmashauri, mauzo ya droo moja hayazidi pauni 20,000, ya mwaka mzima hayazidi pauni 250,000, angalau asilimia 20 ya mauzo inaenda kwenye lengo lililotangazwa, na tiketi zote zina bei moja. Ile "mia tano upate sita" ingekwama hapo hapo. California ni kali zaidi: asilimia 90 ya mapato lazima iende kwenye kazi ya hisani, na tiketi haziruhusiwi kuuzwa kwenye intaneti hata kidogo.

Kwetu, Tanzania ina Bodi ya Michezo ya Kubahatisha chini ya sheria ya 2003. Kenya ilipitisha sheria mpya ya kudhibiti kamari mwaka 2025 badala ya ile ya 1966, kwa hiyo mwongozo wowote wa zamani unaozunguka mtandaoni uuangalie kwa shaka. Uganda, kwa sheria yake ya 2016, haimruhusu mtu aliye chini ya miaka 25 kucheza kamari, na sehemu kubwa ya watazamaji wa gemu hawajafika umri huo. Tafuta shirika lililosajiliwa, liombe kibali kwa jina lake, pesa ziingie kwake moja kwa moja. Wewe ubaki mtangazaji.

Kuna na watazamaji wa mbali. Strimu ya Dar inatazamwa Muscat na Minneapolis, na sheria inayokuhusu inaweza kuwa ya anakokaa mshiriki. Andika wazi ni wakazi wa nchi zipi wanaoruhusiwa kuingia, nchi mbili au tatu unazozifahamu, na uweke swali la nchi kwenye fomu. Watazamaji wengi wa pwani watakuuliza pia kama hii si kamari kwa dini yao. Droo ya bure ni rahisi zaidi kuwaeleza kuliko tiketi ya kulipia, hata yenye leseni.

Kanuni na pesa

Kanuni zikae kwenye ukurasa mmoja, na kiungo chake kiwe chini ya strimu tangu siku ya kwanza. Ziseme: nani anaendesha, zawadi ni nini hasa na nani aliitoa, umri wa chini, nchi, saa ya kufungwa kwa saa za Afrika Mashariki, namna mshindi anavyochaguliwa, muda wa kudai zawadi, nani analipa usafirishaji na ushuru, na kitu gani kitafanyika mpango ukivunjika. Wasimamizi wa chati, wachezaji wa timu na watu wa nyumbani kwako wasiingie. Msimamizi akishinda kihalali bado hakuna atakayeamini.

Hilo la mpango kuvunjika liandike kwa undani, maana kwa wachezaji wetu viza kunyimwa si jambo la ajabu. Chagua kabla: pesa zinarudishwa, zinakwenda mashindano yajayo yaliyotajwa kwa jina, au zinapewa shirika fulani. Ukiamua baada ya viza kukataliwa, hata uamuzi mzuri utaonekana ujanja.

Pokea michango kwa till au Lipa Namba ya shughuli hiyo tu, au akaunti ya shirika, kamwe si namba yako ya kila siku. Thibitisha kwa taarifa ya miamala. Picha ya ujumbe wa M-Pesa hughushiwa kwa dakika mbili. Simu inayopokea ujumbe isionekane kwenye strimu, maana majina na namba za watu zitapita mbele ya kamera. Kwa wanaotumia PayPal: huduma hiyo inataka idhini ya awali kwa shughuli za bahati nasibu, na mlipaji ana hadi siku 180 kufungua madai, kwa hiyo usitumie senti yote siku inayofuata.

Kuchagua mshindi

Gurudumu la kuzungusha linapendeza machoni lakini halithibitishi kitu. Mtazamaji hajui kama jina lake lilikuwamo, wala kama ulizungusha mara tatu kabla ya kuwasha kamera. Namna hii inaweza kukaguliwa na yeyote:

1. Funga fomu saa moja kabla ya droo. Ondoa maingizo yaliyojirudia na ya nchi zisizoruhusiwa.
2. Panga orodha na uipe kila mstari namba kuanzia 1. Onyesha jina la chati peke yake, bila simu wala barua pepe. Sheria za ulinzi wa data za Kenya ya 2019 na Tanzania ya 2022 zinakuhusu.
3. Hifadhi kama faili la maandishi tupu, kokotoa heshi yake ya SHA-256 (mfuatano wa herufi na tarakimu unaolitambulisha faili hilo kama alama ya kidole), kisha chapisha faili na heshi. Baada ya hapo usiguse hata nafasi moja, kwa sababu heshi itabadilika yote.
4. Tangaza raundi ya drand, huduma ya mtandaoni inayotoa namba za bahati hadharani kwa raundi zenye namba zake, ambayo bado haijatoka, tuseme ya dakika kumi mbele. Drand inaendeshwa na muungano wa League of Entropy. Mtandao wake wa quicknet hutoa namba mpya kila sekunde 3, na hakuna mwanachama mmoja wa muungano huo anayeweza kuijua mapema.
5. Raundi ikifika, chukua herufi 8 za mwanzo za namba hiyo, zigeuze kutoka mfumo wa 16 (unaotumia tarakimu 0 hadi 9 na herufi a hadi f) kwenda mfumo wa 10 tunaouzoea, gawa kwa idadi ya washiriki, chukua baki, ongeza 1.

Mfano: herufi ni 1f4a09c2 na washiriki ni 412. Kwa mfumo wa 10 ni 524,945,858. Ukigawa kwa 412 baki ni 178, kwa hiyo mshindi ni mstari wa 179. Mtazamaji mwenye kikokotoo anapata jibu lilelile.

Makosa ya kawaida ni mawili. La kwanza ni kutangaza raundi iliyokwisha kutoka, jambo linalokupa nafasi ya kuchagua inayokupendeza. La pili ni kusema "mshindi hayupo kwenye chati, tuzungushe tena". Kama kanuni hazikudai mtu awepo, huyo ndiye mshindi. Kwa mshindi wa akiba, taja raundi yake mapema, kwenye tangazo lilelile.

Lugha ya kwenye strimu

Usihesabu dakika kwa kelele ukimtaka mtu aongeze tena. Usisome majina ya waliotoa kidogo kwa dhihaka. Kijana akituma kiasi kisicho cha kawaida, mrudishie na umwandikie faragha. Huenda simu ni ya mzazi. Zawadi ikitoka kwa kampuni ya kubeti, litaje jina lake kila mara, au bora uikatae kama chati yako imejaa wanafunzi.

Baada ya droo

Ndani ya siku 7 chapisha hesabu: kilichoingia, makato ya huduma za malipo, gharama, kilichofika kwenye lengo, pamoja na risiti zenye namba binafsi zilizofutwa. Mpe mshindi siku 14 za kudai. Asipotokea, nenda kwa mshindi wa akiba, na naye asipotokea, zawadi irudi kwa mdhamini au iende kwa shirika lililotajwa kwenye kanuni, si kwenye rafu yako. Orodha yenye simu na anwani ifute zawadi ikishapokelewa. Ibakize tu rekodi za malipo ambazo mamlaka ya kodi inaweza kuzitaka.